Klachi Iliyoungua: Nani Mwenye Kosa?

Mtu ye yote aliyepata kusafiri kutoka Naivasha kwenda Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu aijua harufu ile. Ni harufu kali, kama ya kwato zilizotiwa motoni, nayo huingia ndani ya basi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Baada ya kona moja au mbili lori huonekana limesimama kando ya barabara, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu, utingo ameketi juu ya jiwe jingine, na dereva ameshika simu mkononi akisitasita kumpigia mwenye gari. Asitaye ana sababu. Ajua ataulizwa neno moja tu: "Umeunguza klachi tena?"

Swali hilo lina hukumu ndani yake. Klachi ikiungua, dereva ndiye aliyekuwa akiikanyaga, na kwa hiyo watu wengi huona kwamba hapana haja ya kutafuta mwenye kosa mbali. Mshahara hukatwa, pengine kazi hupotea, klachi mpya hununuliwa, na ile ya zamani hutupwa nyuma ya gereji au huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Basi hapo ndipo shahidi wa pekee aliyekuwapo anapoondolewa kabla ya kuulizwa neno.

Lori moja lililokuwa likichukua mahindi kutoka Kitale kwenda Nairobi lilikula klachi tatu katika muda wa miezi kumi na mmoja. Mwenye lori, mfanyabiashara wa Nakuru, alimfukuza dereva wa kwanza, akamfukuza wa pili, na wa tatu alikuwa amekwisha kukatwa mshahara wa mwezi mmoja wakati gari lilipokwama chini ya lile kanisa dogo la Mai Mahiu, ambalo lilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Lori likavutwa mpaka gereji moja ya Naivasha. Fundi wa hapo alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache.

"Mzee," akasema mwenye lori, "huyu kijana amenimalizia klachi ya tatu. Tia mpya, na gharama nitamkata yeye."

"Nitatia, bwana," akajibu fundi. "Lakini kwanza nataka kuziona zile mbili za zamani."

"Za nini? Hizo ni takataka."

"Mgonjwa akifa mara tatu kwa ugonjwa mmoja, bwana, si vibaya kumwuliza aliugua nini."

Klachi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa. Ile ya pili, utingo alisema, iko Nakuru kwa mama mmoja auzaye chakula, ambaye huitumia kuwekea sufuria ya moto. Akatumwa kwenda kuileta.

Kabla ya kueleza fundi aliona nini, yafaa kukumbuka jinsi klachi inavyofanya kazi, kwa maana wengi huiendesha kila siku pasipo kuifahamu. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, nalo huzunguka wakati wote injini inapozunguka. Mbele ya gia boksi kuna shafti yenye meno. Juu ya meno hayo hukaa sahani ya klachi, yaani klachi pleti, ambayo imevikwa lainingi pande zote mbili. Nyuma ya sahani hiyo iko presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi huibana sahani kwenye flaiwili, hata vitu vitatu vikazunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga pedeli, beringi ya klachi husukuma au huvuta vidole vya springi, presha pleti hurudi nyuma kidogo sana, na sahani hubaki huru. Katika malori makubwa sahani hiyo yaweza kuwa na upana wa milimita 430, na gari lote pamoja na mzigo wake hutegemea lainingi ambazo unene wake ni milimita chache tu.

Kwa hiyo klachi haifi kwa sababu ya kukanyagwa. Hufa kwa sababu ya kuteleza, yaani wakati flaiwili inapozunguka kwa mwendo mmoja na sahani kwa mwendo mwingine huku zimebanwa pamoja. Kila lori linapoondoka klachi huteleza kidogo. Hilo ni jambo la lazima, nayo imetengenezwa kulivumilia. Ikiwa mtelezo utakuwa mfupi, joto hupoa. Ukiwa mrefu, au ukirudiwa pasipo kupumzika, joto halina pa kwenda. Lori liendalo safari ndefu katika barabara nzuri laweza kutumia klachi moja kwa laki kadhaa za kilomita, na lori la mchanga liingialo na kutoka machimboni laweza kuimaliza mapema mno, wala dereva wake asiwe na kosa lo lote.

Fundi mwema hafungui gia boksi kabla ya kulijaribu gari. Kazi ya kuishusha gia boksi ya lori ni ya siku nzima kwa watu wawili au watatu, na mara nyingine ugonjwa haumo ndani kabisa. Jambo la kwanza ni kumwuliza dereva, na kumwuliza kwa upole, kwa kuwa dereva aliyekwisha kutukanwa hasemi kweli. Je, mwendo wa injini hupanda mlimani na lori lisiongeze mwendo? Hiyo ni klachi iteleazayo, nayo huonekana kwanza katika gia kubwa lori likiwa na mzigo, kabla ya kuonekana katika gia ndogo. Je, gia hupiga kelele zikiingizwa, hasa ya kurudi nyuma? Hapo klachi haiachii. Je, lori hutetemeka linapoondoka, kisha hutulia? Au kuna mlio, na mlio huo huja pedeli ikikanyagwa au ikiachwa?

Klachi iteleazayo hujaribiwa hivi. Magurudumu huwekewa vigingi, breki zote hufungwa, na watu huondoka mbele na nyuma ya gari. Dereva hutia gia kubwa, huongeza mwendo wa injini kiasi, kisha huachia pedeli kama kawaida. Injini ikizimika mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, au ikizimika polepole kama mtu anayesinzia, klachi inateleza. Jaribio hili hufanywa mara moja, na likitiliwa shaka, mara mbili baada ya klachi kupoa. Mafundi vijana hulirudia mara tano au sita ili kumwonyesha mwenye gari, na mwisho wake huwa wameunguza wao wenyewe kile kilichosalia.

Kama klachi haiachii, injini huachwa izunguke polepole, pedeli hukanyagwa mpaka chini, na baada ya kuhesabu hadi kumi gia ya kurudi nyuma huingizwa. Ikisaga meno, sahani bado inazungushwa. Walakini haifuati kwamba sahani ni mbovu. Malori mengi ya siku hizi husaidiwa na busta, ambayo hutumia mafuta kutoka kwenye pedeli na upepo kutoka kwenye mitungi ya breki. Mafuta yakiwa machache, upepo ukiwa umeingia katika bomba la mafuta, au mitungi ikiwa haijajaa, pedeli itakwenda chini na presha pleti isirudi nyuma inavyopasa. Ni lori ngapi zimefunguliwa gia boksi, na kumbe tatizo lilikuwa kikombe cha mafuta kilichokauka! Kukagua kikombe hicho kwahitaji dakika mbili na kitambaa.

Mitetemeko nayo ina udanganyifu wake. Yaweza kutokana na oili kidogo juu ya lainingi, au na sahani iliyopinda, au na flaiwili iliyoungua madoa madoa. Lakini mipira inayoshikilia injini ikiwa imepasuka, au viungo vya shafti ndefu ya nyuma vikiwa vimelegea, lori litatetemeka vivyo hivyo. Hizo hutazamwa kwanza, maana ziko wazi. Kuhusu milio, kanuni yake ni nyepesi: mlio ujao pedeli inapokanyagwa mara nyingi ni wa beringi ya klachi, mlio usikikao gari likiwa nyutro na pedeli imeachwa, kisha ukapotea pedeli inapokanyagwa, ni wa beringi ya shafti ya gia boksi. Huo wa pili mtu aweza kubadili klachi mara kumi na usiondoke.

Iko tena nafasi ya pedeli, nalo ni jambo ambalo madereva wa zamani walilijua sana. Katika malori yenye klachi ya kusukumwa kwa vyuma, pedeli yapaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kukaza, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Lainingi zikiisha, vidole vya springi husogea kuelekea kwenye beringi, na mchezo huo hupungua. Ukikosekana kabisa, beringi huanza kuvisukuma vidole hata dereva akiwa ameuweka mguu wake sakafuni. Tangu hapo klachi huteleza yenyewe, na inapoteleza huisha upesi zaidi. Malori mengi mapya hujirekebisha yenyewe na hayana mchezo huo, bali huwa na alama kwenye busta ambayo humwonyesha fundi lainingi zimebaki kiasi gani. Alama hiyo husomwa na wachache.

Utingo aliporudi kutoka Nakuru na sahani imefungwa katika gunia, fundi wa Naivasha alikuwa amekwisha kuishusha gia boksi. Akaziweka sahani mbili kando kando juu ya meza, akaweka na presha pleti, na akamwita mwenye lori aje atazame.

Sehemu za klachi iliyokufa zina mambo mengi ya kusema, na kila jeraha lina sura yake. Lainingi zilizoisha sawasawa pande zote mbili hadi kukaribia ribiti, na chuma kikiwa safi bila rangi ya buluu, ni za klachi iliyozeeka kwa haki yake. Hapo hapana kesi. Lainingi zilizo nene bado lakini nyeusi, zenye kuvunjika kama mkate uliokauka, pamoja na presha pleti yenye madoa ya buluu na nyufa ndogo ndogo, ni dalili ya joto kubwa kwa muda mfupi. Joto hilo huletwa na mambo mengi: kuondoka na mzigo katika gia kubwa, kulishikilia lori mlimani kwa klachi badala ya breki, mzigo kupita kiasi, springi iliyopoteza nguvu, au oili.

Juu ya mzigo ni heri lisemwe neno. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari iliweka tani 56 kuwa kikomo cha gari kubwa lenye ekseli saba, na malori yenye ekseli chache hupewa uzito mdogo kuliko huo. Mwenye mali hufikiri juu ya mizani ya barabarani tu, na akijua njia ya kuikwepa hujiona ameshinda. Klachi haikwepeki. Kutoka Mombasa, ambako bahari iko, barabara hupanda mpaka Nairobi kwa karibu mita 1,700, na baada ya kushuka katika Bonde la Ufa hupanda tena kwenda Timboroa hadi zaidi ya mita 2,500. Kila tani iliyozidi hupandishwa milima hiyo yote, na katika kila msongamano wa magari mlimani huondoshwa upya kutoka mahali iliposimama, kwa lainingi zile zile za milimita chache.

Vidole vya springi vilivyolika na kung'aa kama kisu, na beringi iliyoungua hata grisi yake ikawa nyeusi, humaanisha kwamba beringi ilikuwa ikigusa wakati wote. Mara nyingi hapa dereva huhukumiwa: aliweka mguu juu ya pedeli safari nzima. Inawezekana, kwa maana tabia hiyo iko, nayo ni mbaya. Lakini pedeli iliyokosa mchezo huleta jeraha lile lile kabisa, na hapana jicho liwezalo kutofautisha mguu wa dereva na spana ya fundi aliyesahau kurekebisha. Kwa hiyo mchezo wa pedeli sharti upimwe kabla ya gari kufunguliwa, na kiasi chake kiandikwe. Ikiwa haukupimwa, haki inataka watu wanyamaze.

Springi ndogo zilizo katikati ya sahani zikiwa zimevunjika au zimetoboa nyumba zake, aghalabu lori lilikuwa likilazimishwa kupanda katika gia kubwa huku injini ikizunguka polepole mno na kugongagonga. Au injini yenyewe haichomi sawasawa. Au sahani hiyo haikuwa ya injini hiyo. Kitovu cha sahani kikiwa kimepasuka au sahani imepinda siku chache baada ya kutiwa, mwenye kosa hakuwamo barabarani. Gia boksi iliachwa itundikwe kwa uzito wake wote juu ya sahani wakati wa kuifunga, kwa sababu jeki ilikuwa fupi au jioni ilikuwa imefika. Meno ya kitovu yakiwa yamelika upande mmoja, fundi hutazama ile beringi ndogo iliyomo katikati ya flaiwili, ambayo bei yake ni ndogo kuliko zote na ambayo husahauliwa kuliko zote.

Liko jeraha moja ambalo ni vigumu kumsingizia mtu mwingine isipokuwa dereva. Sahani hutoka ikiwa lainingi zimepasuka na kurushwa nje vipande vipande, hata ukuta wa ndani wa nyumba ya klachi ukapata mikwaruzo, na huku vipande vyenyewe ni vinene na havikuungua. Hii ni kazi ya mtelemko. Dereva hushuka, gia ndogo ikiwa imeingia, naye amekanyaga klachi ili lori liteleze lenyewe na kubana matumizi ya dizeli. Yeye hudhani kwamba kwa kuwa injini inazunguka polepole, kila kitu kinazunguka polepole. La. Sahani imefungwa kwa gia boksi, na gia boksi kwa magurudumu. Kama katika gia ya moja kwa moja lori hilo huenda kilomita 80 kwa saa injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, basi katika gia ambayo huzungusha mara nne, mwendo ule ule wa gari utaizungusha sahani mara 6,000 kwa dakika, ambayo injini kubwa ya dizeli haifikii kamwe. Lainingi haziwezi kushikamana katika mwendo huo. Kisha dereva akihitaji injini imsaidie kuzuia gari, klachi haipo tena. Wale waijuao barabara ya Sachangwan na Salgaa wajua ni misiba mingapi imeletwa pale na malori yaliyoachiwa kuteremka bila gia kushika.

Yale mabamba membamba ya chuma yanayoishikilia presha pleti yakiwa yamejikunja, kumekuwa na mshtuko: gia ilirudishwa vibaya katika mwendo mkali, au lori lilivutwa ili liwake, au presha pleti iliangushwa chini sakafuni kabla ya kutiwa, na aliyeiangusha hakusema.

Basi, tuirudie meza ya Naivasha. Sahani zote mbili zilikuwa na lainingi nene. Zote mbili zilikuwa nyeusi na kung'aa kama kaa lililomwagiwa mafuta, lakini upande mmoja tu, upande unaotazama flaiwili. Kutoka katikati kwenda ukingoni kulikuwa na michirizi, kama miale ya jua anavyoichora mtoto. Upande wa pili ulikuwa umeungua kidogo tu. Ile iliyokaa chini ya sufuria ya mama wa Nakuru ilikuwa imepata masizi, walakini fundi aliifuta kwa petroli na michirizi ikatokea ile ile.

"Nusa," akamwambia mwenye lori, akimpa kitambaa alichofutia ndani ya nyumba ya klachi.

"Oili."

"Ni oili ya wapi?"

Mwenye lori hakujua. Fundi akachovya kidole katika gia boksi, akampa anuse na hiyo. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Nayo ikivuja hufuata shafti na kuchafua hasa upande wa sahani uelekeao gia boksi. Iliyokuwa kwenye kitambaa ilikuwa nyepesi, nyeusi, yenye harufu ya injini. Ilitoka nyuma ya flaiwili, katika sili ya krankishafti, nayo ilirushwa na mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Lori likiwa safarini tambarare, oili ile kidogo haikuonekana. Lilipofika mlimani na mzigo, klachi iliteleza, ikapata joto, ikaungua, na yote hayo yalitokea mbele ya dereva.

"Aliyetia klachi ya kwanza aliona oili hii," akasema fundi. "Aliifuta. Aliyetia ya pili aliifuta vile vile. Nani aliyewaambia wabadili sili?"

Mwenye lori akanyamaza kidogo. Kisha akakiri kwamba mara ya pili fundi alimwambia juu ya sili, naye akauliza kazi hiyo itachukua muda gani; alipoambiwa kwamba flaiwili sharti ishushwe na lori lilale siku moja zaidi, alisema itafanywa siku nyingine, kwa kuwa mahindi yalikuwa yakingojwa Nairobi.

Yafaa waajiri wajue kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi kinachofaa kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini uharibifu huo uwe umetokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Sili iliyovuja si kusudi la dereva. Naye dereva ambaye amekatwa isivyo haki hana njia ya kujitetea kama sahani ya zamani imekwisha kwenda kwa mnunuzi wa chuma.

Malori ya aina mpya ambayo hayana pedeli ya klachi, ambapo kompyuta ndiyo inayobadili gia, hayakuimaliza shauri hii. Ndani yake klachi iko kama zamani. Dereva akilishikilia gari mlimani kwa kukanyaga moto badala ya breki, sahani itateleza na kuungua, ijapokuwa mguu wake wa kushoto haukugusa kitu. Tofauti yake ni kwamba kompyuta huonya, na mara nyingi huweka kumbukumbu ya joto lile, na kumbukumbu hiyo hufaa isomwe pamoja na sahani, isisomwe mahali pa sahani.

Neno moja ni la afya. Vumbi lililomo ndani ya nyumba ya klachi lisipeperushwe kwa upepo wa kompresa, kama wafanyavyo vijana wengi kwa furaha. Lainingi za miaka mingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Uingereza ilikataza matumizi yake yaliyobakia mwaka 1999, lakini hapana ajuaye ni nini kilichomo katika kila sahani ya bei rahisi iuzwayo bila jina. Vumbi lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe.

Huko Naivasha kazi ilichukua siku mbili. Sili ikabadilishwa, na ile beringi ndogo ya katikati. Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu, ikapelekwa kukerezwa. Fundi hakukubali kutia sahani mpya juu ya uso ulioungua, kwa maana ingetetemeka na kupata joto tangu siku ya kwanza. Meno ya shafti yakapakwa grisi kidogo, yenye kuonekana kwa shida, kwa kuwa ikizidi nayo hurushwa juu ya lainingi. Gia boksi iliinuliwa juu ya jeki ikashikiliwa mpaka bolti zote zikaingia. Kisha fundi akalijaribu gari, akaandika katika daftari kilomita zilizokuwa kwenye saa, na akaifunga sahani iliyoungua kwa waya pamoja na kadi yenye tarehe, akampa mwenye lori aiweke.

Mwenye lori aliitazama kwa muda, kisha akampa utingo aitie nyuma ya kiti. Alipolipa hesabu ya gereji alimwita dereva kando, wakahesabiana fedha za mshahara uliokatwa. Kuhusu yule dereva wa kwanza, alisikika akiuliza kama yuko mtu mwenye namba yake ya simu. Utingo alisema anayo.